Mlango wa Shangazi Nyamizi

Nchi ninayoisimulia si hii yetu. Nasema mapema tusije tukalaumiana. Iko mbali, mkono wa kulia ukishatoka, na watu wake wana mambo yao. Ukiona waziri wa huko anafanana na waziri unayemjua, hiyo ni sura tu, na sura watu huazimana. Ukiona ninacheka mahali pasipochekesha, usinishike shati. Nilisoma mpaka kidato cha nne, nikapata C ya Kiingereza, na siku hizi uso wangu haujui vizuri lini ucheke lini utulie.

Basi Mkuu wa nchi hiyo alikwenda ng'ambo kwa ziara ya kikazi akarudi na kamusi ya Kiingereza. Aliikuta kwenye droo ya chumba cha hoteli. Redio ikasema amezawadiwa. Alipoifungua ndani ya ndege ikafunguka yenyewe kwenye herufi D, maana mgeni aliyelala chumba kile kabla yake alikuwa ameweka humo kijiti cha meno. Jicho la Mkuu likatua kwenye neno door.

Akalisoma. Akalisoma tena. Wasaidizi wake wanasema hakugusa hata karanga mpaka ndege ikatua. Aliposhuka ngazi hakupunga mkono. Alikwenda moja kwa moja kwenye vipaza sauti akasema, "Ndugu wananchi, nimegundua kwa nini hatuendelei. Mlango wa wenzetu una maana. Wetu una matumizi tu."

Watu wakapiga makofi kwanza, kuuliza wakaacha kwa ajili ya baadaye. Huko ndivyo wanavyofanya.

Hapo nimtetee kidogo, hakudanganya. Mlango wa nchi hiyo ulikuwa haukai nyumbani. Asubuhi ulikuwa umeng'olewa kwenye bawaba, umelazwa juu ya matofali, unauziwa nyanya. Jua likipanda unaanikiwa mihogo. Mvua ikinyesha unakuwa daraja la kuvukia mtaro, na kukiwa na msiba unakuwa benchi la wakwe. Mgonjwa akizidiwa, wanaume wanne wanaubeba na yeye juu yake, mbio mpaka hospitali. Muda wote huo pale mlangoni pananing'inia khanga, na mwizi akifika anaisogeza kwa heshima asiichane.

Nalijua hilo kwa sababu shangazi yangu aliishi huko. Na mimi nilikuwa nikikaa kwa shangazi. Lakini nchi si hii.

*

Ikaundwa Wizara ya Maana na Matumizi. Waziri wake akawa Dakta Lameki Sanguti, ambaye udakta aliupata Alhamisi na uwaziri Ijumaa, kwa hiyo yote mawili yalikuwa bado ya moto. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuleta maana ya door nyumbani, kwa lugha ya wananchi.

Akateua kamati. Kamati ikajifungia kwenye hoteli ambayo milango yake ya kioo inafunguka yenyewe ukiisogelea, na siku za mwanzo zote ziliishia hapo, wajumbe wakitoka na kuingia, wakitoka na kuingia, ili kujiridhisha. Baadaye wakakaa. Wakatafsiri: mlango ni kitu kinachofungwa na kufunguliwa ili mtu aingie au atoke.

Mjumbe mmoja mama mtu mzima akavua miwani. "Mtu aingie tu hivihivi?" akauliza. "Bila hodi?"

Wajumbe waliona aibu, si yao, ya Waingereza. Kamusi nene namna ile, dhahabu mgongoni, halafu imesahau hodi. Mwenyekiti akasema kwa huruma kwamba wenzetu nao ni binadamu. Wakaurekebisha ule upungufu, na sheria ikatoka ikisomeka hivi: mlango ni kitu kinachofungwa na kufunguliwa, ambacho mtu akikibisha hodi huitikiwa karibu.

Habari za ukuta hawakuziweka. Hakuna aliyezikumbuka.

Sasa sheria nzuri lazima iwe na upande wa pili. Kitu kinachofanana na mlango ambacho ukikibisha hakiitikiwi, hicho si mlango. Hicho ni ubao. Na ubao si wa Wizara ya Maana, ubao ni wa Idara ya Misitu, na kwa kuwa hauna kibali cha Misitu, ni wa magendo. Unataifishwa hapohapo, na aliyekutwa nao anawekwa ndani. Ndani ya mahabusu, niseme ukweli, mlango upo na unafungwa vizuri sana.

*

Kila mtaa ukapata Afisa Mlango. Wetu alikuwa Mihambo.

Mihambo tulikaa dawati moja. Mtihani wa mwisho mimi nilipata C ya Kiingereza, yeye alipata F na mjomba. Alipewa tai, na nyundo ndogo ya mpingo ya kubishia, maana vidole si kifaa cha serikali. Alikuja kwa shangazi siku ya kwanza ya ukaguzi akiwa amenyoosha shingo kama anayepimwa koti.

Shangazi Nyamizi alikuwa barazani, mlango wake umelala juu ya ndoo mbili, juu yake vitumbua. Shangazi huyu ndiye aliyenilea tangu wazazi wangu walipokwenda mjini kutafuta maisha wakayapata wao. Mwanamke mnene wa sauti, mwembamba wa mwili. Mihambo naye alikulia nusu kwake, maana kwao uji ulikuwa mwepesi.

"Shangazi," Mihambo akasema, "huu ni mlango?"

"Wewe unauona mbuzi?"

"Niko kazini, shangazi."

"Naona. Umening'inizwa kamba shingoni kama wa sadaka. Sema shida yako."

Mihambo akatafuta nafasi kati ya vitumbua, akagonga kwa nyundo. "Hodi."

"Karibu baba. Kula."

Akala. Akafuta mdomo kwa nyuma ya mkono, halafu akakumbuka tai, akaigeuza mafuta yasionekane. "Shangazi, sasa mimi naripoti nini? Umeitika, kwa hiyo ni mlango. Lakini umelala."

"Ripoti umekula viwili na hukushukuru."

"Kuna na kipengele cha lugha. Kila raia anatakiwa alitamke neno lenyewe kwa Kiingereza."

Shangazi akafuta mikono kwenye khanga, akasimama wima kama mwanafunzi. "Door," akasema. Akatazama kushoto, akatazama kulia. "Haya. Kuna kilichobadilika?"

Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Jioni ile, hata hivyo, tuliurudisha mlango kwenye bawaba, na vitumbua vikahamia kwenye sinia. Mlango ulikaa pale umesimama wiki nyingi bila kazi. Shangazi alikuwa akipita anautazama kama mtu aliyeshiba wakati wengine wanalima.

*

Asubuhi moja tumbo likamshika.

Siwezi kulieleza zaidi ya hapo. Alikuwa anakoroga unga, akaacha kukoroga. Alijilaza sakafuni upande mmoja, magoti kifuani, akaniambia nizime moto kwanza mafuta yasiungue. Nikazima. Nilipomgusa tumbo lilikuwa gumu kama mbao. Hapo nimeitumia mbao kwa bahati mbaya, sikutafuta.

Gari la wagonjwa nchi hiyo inalo. Lina milango minne, na wakati huo lilikuwa na kibali cha milango miwili, kwa hiyo liliruhusiwa kupakia watu lakini si kuwashusha. Dereva wake alikuwa muungwana. Aliniambia kwa simu kwamba angeweza kuja, ila nimfikirie mgonjwa atakavyokuwa amekaa humo.

Nikamwita Luhende, jirani mwenye bucha, akaja na wadogo zake wawili. Luhende hakuuliza kitu. Alikwenda mlangoni na bisibisi akaanza na bawaba ya juu. Tulimlaza shangazi juu ya mlango, tukamfunika khanga, nikatundika pazia pale ulipokuwa mlango. Tulipoinuka tu, Mihambo akatokea kwenye kona na nyundo yake.

Tukatazamana.

"Huo umeng'olewa," Mihambo akasema.

"Mihambo," nikasema, "tazama aliyelala juu."

Akatazama. Alimeza mate, tai ikapanda ikashuka. Halafu akafanya kitu ambacho sikuwahi kukiona darasani: akafikiri. Midomo ikicheza, akaisoma ile sheria yote kwa moyo, mwanzo mpaka mwisho.

"Haijasema ukuta," akasema.

"Nini?"

"Sheria. Haijasema mlango uwe ukutani. Imesema ukibishwa uitikiwe. Shangazi akiitika, huu ni mlango, na mlango unaweza kwenda unakotaka." Akaishika nyundo vizuri. "Nitakwenda nanyi. Nitabisha kila kona, nithibitishe. Mtu akiuliza nitasema mimi ndiye Afisa."

"Na asipoitika?"

Mihambo akaitazama nyundo. "Asipoitika ni ubao. Ubao ni Misitu. Misitu wana kizuizi pale kabla ya mto, na wale hawana shangazi."

Kutoka chini ya khanga shangazi akasema, "Mnanichosha. Mtu aitike karibu tu, kwani ni kuchimba kisima?"

Ndivyo tulivyoondoka. Kazi yetu ilikuwa miguu, kazi ya Mihambo ilikuwa hodi, na ya shangazi ilikuwa karibu. Ya kwake ndiyo iliyokuwa nyepesi kuliko zote, wote tulikubaliana.

*

Kona ya kwanza, Mihambo akagonga karibu na miguu ya shangazi. "Hodi."

"Nani?"

"Mimi Mihambo."

"Mihambo yupi? Yule aliyelala kwangu akakojolea mkeka, halafu akasema ni paka?"

Luhende akapasuka kicheko, mlango ukayumba, shangazi akaguna kwa maumivu, tukauweka sawa. "Karibu," akasema akishapumua.

Watu njiani walikuwa wanasimama. Wengine walisema pole, mmoja akauliza kama tunauza. Kona ya pili aliitika, ya tatu akaitika. Mimi nilikuwa nimeshika upande wa kichwani, kwa hiyo nilikuwa naziona karibu zake zinavyotoka. Zilianza kutoka kifuani. Baadaye zikawa zinatoka kooni.

Kizuizini pa Misitu alikuwapo afisa mmoja kwenye kiti, redio ndogo mapajani, viatu amevua. Hakutuamkia.

"Hizo mbao za wapi?"

"Si mbao, mkuu," Mihambo akasema. "Ni mlango. Mimi ni Afisa Mlango wa mtaa." Akabisha, shangazi akaitika. Yule bwana akasikiliza kwa makini kama anayepimiwa sukari.

"Nimesikia," akasema. "Lakini mlango ninaoujua mimi unasimama. Hakuna mlango uliolala. Usimamisheni nione."

Mihambo akamweleza kwamba sheria haijasema kusimama. Yule bwana akamweleza kwamba sheria haijasema pia yeye awe na haraka. Akaongeza sauti ya redio.

Tukamfunga shangazi kwa khanga, moja kifuani moja mapajani, tukausimamisha mlango na yeye akiwa juu yake. Mimi ndiye niliyeshika fundo la kifuani. Moyo wake ulikuwa unapiga kwenye kiganja changu, upesi na mdogo, kama kitu kilichopotea kinauliza njia. Kichwa chake kikaegemea bega langu. Alikuwa na jasho la baridi, na bado ananukia hiliki.

Afisa wa Misitu akavaa viatu, akaja. Akauzunguka mlango kwa nyuma, akarudi mbele. Akasimama anafikiri.

"Hapa nimeingia au nimetoka?"

"Inategemea ulikuwa wapi, mkuu," Mihambo akasema.

"Nilikuwa hapahapa."

Shangazi akafumbua jicho moja. "Kama umeingia, funga," akasema. "Kuna upepo."

Yule bwana akatafuta kitasa kwa mkono, kwa mazoea tu, akakipata ubavuni mwa shangazi, akakizungusha. Kikalia. Hilo likamridhisha kuliko maelezo yote. Akarudi kwenye kiti chake akainua kizuizi kwa mguu.

Tulipomlaza shangazi tena, midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Luhende aliona, nami niliona. Tukazungumzia barabara, kwamba ni nzuri siku hizi.

*

Baada ya mto hakuna kona. Barabara imenyooka mpaka hospitali, miti ya mkaratusi kushoto na kulia. Mihambo alikuwa anatembea kando yangu. Halafu akainama akagonga ubavu wa mlango, kwa kidole.

"Hodi, shangazi."

"Karibu."

Tukaenda hatua chache, akagonga tena.

"Kona bado," nikamwambia.

"Najua."

Nyundo alikuwa ameitia mfukoni. Akawa anabisha kila mara, taratibu, jinsi unavyobisha kwenye nyumba ya mtu aliyelala. Shangazi akawa anaitika. Katikati ya hodi mbili akaniita.

"Shija."

"Naam, shangazi."

"Nyumba tumeiacha wazi."

"Nimeweka pazia."

"Pazia si mlango."

"Haya, leo na wewe umekuwa waziri."

Akatoa pumzi puani, ndicho kilikuwa kicheko chake cha siku hiyo. "Mkifika msiuache huko. Hospitali vitu vinapotea. Uurudishe pale pale, na ile bawaba ya chini uitie mafuta, inalia."

"Utaitia wewe."

"Mimi nitakuwa nimelala," akasema.

Tulipofika kwenye uzio wa hospitali Mihambo akabisha, na karibu haikuja. Nikasimama. Wote tukasimama. Halafu tukasikia ukucha. Alikuwa anagonga ubao kwa ukucha wa kidole cha shahada, mara moja, mara mbili.

"Imeitikiwa," Mihambo akasema upesi, kama kuna mtu alikuwa anabisha naye.

*

Hospitali ilikuwa imefungwa tangu alfajiri, kwa sababu ya maendeleo. Mlango wa zamani ulikuwa umeondolewa, na mpya umefungwa, wa mti wa ng'ambo, una shaba, una utepe. Hakuna aliyeruhusiwa kupita kabla haujazinduliwa. Wagonjwa walikuwa wamekaa kwenye nyasi wakiwa na bendera ndogo za karatasi. Daktari alikuwa ndani. Nilimwona dirishani, koti jeupe, ametuwekea mikono kwenye kioo.

Na Waziri alikuwa tayari yuko jukwaani. Dakta Lameki Sanguti mwenyewe, suti ya rangi ya maziwa, anakaribia kumaliza hotuba, au anakaribia kuianza, kwa hotuba zake huwezi kujua.

"Mlango," alikuwa anasema, "kwa Kiingereza door, si mbao. Nani kasema mlango ni mbao? Mlango ni fikra. Mlango ni uhusiano baina ya aliye nje na aliye ndani. Taifa lisilo na milango ni shimo. Ninyi mlikuwa mnakaa shimoni, mkaanikia mihogo. Leo nawauliza, mko wapi?"

"Nje," wagonjwa wakaitikia. Ndivyo ilivyokuwa.

Tulipita katikati yao, tumeuinua mlango mabegani. Nilikuwa nimepanga kwenda mpaka kwenye utepe na kupita nao, baadaye wanifanye wanavyotaka. Askari wakatuziba. Waziri akatuona kwa juu, uso ukafunguka.

"Waacheni," akasema. "Tazameni, ndugu zangu, tazameni. Mimi nazungumzia mlango na mlango umekuja wenyewe kwa miguu. Afisa, huu umesajiliwa?"

"Umesajiliwa, mheshimiwa," Mihambo akasema. "Mheshimiwa, mgonjwa ana hali..."

"Unaitikiwa?"

Mihambo akageuka akatazama tulikotoka. "Umeitikiwa hapo kwenye uzio, mheshimiwa."

"Hapo kwenye uzio walikuwapo kina nani? Hapa tuna televisheni. Nipe nyundo."

Akashuka jukwaani. Wapiga picha wakamtangulia kinyumenyume. Tuliambiwa tushushe mlango mpaka kiunoni, tukaushusha. Waziri akavuta mikono ya koti, akachagua mahali karibu na sikio la shangazi, akagonga.

"Hodi."

Bendi ya sherehe ilikuwa imenyamaza. Bendera za karatasi zilikuwa zinatoa mlio mdogo kwenye upepo. Nilikuwa naangalia ule ukucha.

Waziri akatabasamu kwa kamera. Akagonga tena, na safari hii sauti yake ikashuka, ikawa sauti ya mtu aliyefika ukweni. "Hodi."

Nikaendelea kuangalia ukucha. Ulikuwa na unga mkavu pembeni, wa asubuhi.

"Hodi," Waziri akasema mara ya tatu, na hiyo haikuwa ya kamera tena.

Kila mtu wa nchi hiyo analelewa hivyo: hodi ni tatu. Ya tatu isipoitikiwa huchungulii, husukumi, huiti jina. Wenyewe hawapo. Unageuka unakwenda zako, utarudi siku nyingine. Waziri naye alilelewa na watu. Na juu ya kulelewa, ilikuwa sheria yake.

Akashusha nyundo. "Wenyewe hawapo," akasema, polepole, kwa sauti ya mtoto aliyetumwa akakosa. Kipaza sauti cha kwenye koti kikaichukua, ikasikika mpaka kwenye mikaratusi.

Akafunga kifungo cha koti akageuka. Kwa itifaki ya nchi ile Waziri akigeuka wote wanageuka. Ikageuka bendi, wakageuka askari, akageuka na yule binti aliyebeba mkasi kwenye mto mwekundu. Magari yakawashwa. Vumbi lilipotulia, utepe ulikuwa bado mzima, na mlango wa shaba umefungwa, na daktari bado ameweka mikono kwenye kioo.

*

Hapo kisheria tulikuwa tumebeba ubao.

Nilisubiri Mihambo aseme. Ilikuwa kazi yake, na nyundo ilikuwa imeachwa pale chini kwenye nyasi. Hakuiokota. Alipiga goti, akagonga kwa kidole karibu na mkono wa shangazi.

"Hodi, shangazi."

Hiyo ilikuwa ya nne. Ya nne haipo.

Halafu akasimama, akamwambia mdogo mmoja wa Luhende apumzike, akaingia yeye chini ya pembe ile. Tukageuka na njia tuliyojia. Nilikuwa natembea vizuri. Niliona mti mmoja umeandikwa jina la mtu na moyo, nikajiuliza kama walioana.

Kizuizini, yule bwana alikuwa amevua viatu tena. Alitutazama sisi, akatazama khanga ilivyofunikwa mpaka juu.

"Hizo mbao..."

"Hodi," Mihambo akasema.

"Karibu," yule bwana akasema.

Ilimtoka tu, kama inavyotutoka sote. Akabaki na mdomo wazi. Ukishamwambia mtu karibu humzuii, hata kama unakaa kwenye kizuizi. Akanyoosha mguu, akakiinua, tukapita chini yake. Nyuma yetu nilisikia redio inazimwa.

*

Serikali ilisema jaribio lilifaulu. Waziri alieleza bungeni kwamba mlango ulibishwa mara tatu mbele ya mashahidi, haukuitikiwa, na yeye akaondoka, jambo linaloonyesha kwamba maana sasa imeingia mpaka ngazi za juu. Alipigiwa makofi. Nasikia kamati imeshahamia kwenye neno jingine la nyumbani, na hoteli ni ileile.

Wanawake walimwoshea shangazi juu ya mlango. Wanaume wakamchukua. Kesho yake niliukausha, nikaurudisha pale pale kama alivyosema. Bawaba ya chini sikuitia mafuta. Inalia.

Mihambo bado ni Afisa wetu, na ukaguzi bado upo. Anakuja jioni, bila tai. Nyundo mpya walimpa, lakini anabisha kwa kidole. Anabisha mara tatu, taratibu, anaacha nafasi baada ya kila hodi. Kwa sheria ilitakiwa aandike ubao, Misitu waje. Hawajawahi kuja.

Mimi nakuwa ndani, kwenye kiti, mbele ya mlango, urefu wa mkono mmoja kutoka pale alipo. Nasikia anavyopumua. Nadhani naye ananisikia. Siitiki. Tunakaa hivyo, yeye kule mimi huku, tunasubiri tusikie nani ataitika.